Mtoto ametafuna jani la "bonsai". Ni mti gani?

Tuchukue nyumba moja ya kawaida Tabata, Dar es Salaam. Ni Jumamosi asubuhi. Mama yuko jikoni anakaanga maandazi, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili yuko sebuleni. Juu ya meza fupi kando ya televisheni kuna chungu cha bluu chenye mti mdogo uliopinda mgongo kama mzee. Shemeji aliuleta wiki iliyopita, zawadi ya kuhamia nyumba mpya, na kila mgeni anayeingia anausifia.

Mama anarudi sebuleni na kumkuta mtoto amesimama kwa kushikilia meza. Mdomoni ana majani. Kiganjani ana kitunda chekundu kilichopondeka.

Anapiga simu kwa muuguzi wa zahanati ya mtaani. Muuguzi anauliza swali moja kabla ya yote: "Mama, amekula mmea gani?"

"Ni bonsai, nesi."

"Sawa, bonsai ya mti gani?"

Mama anakigeuza chungu. Ubavuni kuna kibandiko cha karatasi. Kimeandikwa "Bonsai", na chini yake bei.

Mfano huu umetungwa, lakini hakuna kitu ndani yake kisichoweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mtoto anayejifunza kutembea na chungu cha maua kilicho karibu naye. Na swali la muuguzi si la kupoteza muda. Jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto atabaki nyumbani akiangaliwa, au atalala hospitali akiwa amefungwa mashine ya kupima mapigo ya moyo.

Neno lisilotaja mti

Bonsai ni neno la Kijapani lenye sehemu mbili: bon, yaani chombo kama sinia, na sai, kupanda. Sanaa ya kukuza miti midogo kwenye vyombo ilianzia China, ikapelekwa Japani na kulelewa huko kwa karne nyingi. Kaskazini mwa Tokyo, katika mji wa Saitama, upo mtaa mzima unaojulikana kama kijiji cha bonsai cha Omiya. Uliasisiwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923.

Kwa hiyo bonsai ni namna ya kuutunza mti. Mti wenyewe unaweza kuwa wowote unaovumilia kukatwa mizizi na matawi na kuishi kwenye udongo kidogo. Mbuyu unaweza kuwa bonsai. Mkwaju unaweza, mkuyu unaweza, hata bogenvilia ya getini kwako inaweza. Kumwambia daktari kwamba mtoto amekula bonsai ni sawa na kumwambia amekula kitoweo. Bado hajui kama ni samaki, kuku au maharage.

Wanaoipenda sanaa hii kwa dhati hawana tatizo hilo. Mtu aliyekaa na mti mmoja miaka ishirini anaujua kwa jina, umri na ukoo. Tatizo liko kwenye biashara ya haraka, ile ya miti midogo inayokuzwa kwa maelfu, inapakiwa kwenye trei na kuuzwa supamaketi, kwenye maduka ya zawadi na kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Jina hupotea njiani

Sehemu kubwa ya miti hiyo hukuzwa kusini mwa China, Taiwan na Thailand. Ikienda Ulaya, mingi hupitia Uholanzi. Mkulima ana jina lake la kienyeji. Kwenye karatasi za ukaguzi wa afya ya mimea msafirishaji huandika jina la kisayansi. Muuzaji wa jumla huchanganya aina nne au tano kwenye trei moja ili meza ya duka ipendeze, kisha trei nzima hupewa kibandiko kimoja. Mwenye duka naye huchagua jina litakalomvutia mteja. Hadi chungu kinafika mezani kwako, jina la kisayansi limebaki kwenye karatasi ambayo hutaiona kamwe.

Muuzaji wa kando ya barabara mara nyingi hana nia mbaya. Anakuambia alichoambiwa. Kosa lenyewe linaweza kuwa la zamani kuliko biashara yake.

Mfano mzuri ni ule mti wenye mashina manene yaliyovimba kama viazi au miguu ya mtu, uliovishwa majani mabichi ya kung'aa juu. Kibandiko chake husema "Ginseng". Ginseng ya kweli ni mmea mwingine kabisa, Panax ginseng, ambao mizizi yake hutumiwa kama dawa Korea na China kwa bei kubwa. Huu wa kwenye chungu ni Ficus microcarpa, jamaa wa mkuyu. Hupandwa kwa mbegu, mizizi huachwa inenepe ardhini, kisha hung'olewa, hupandwa ikiwa nusu nje ya udongo, na mara nyingi huunganishiwa vikonyo vya aina nyingine yenye majani madogo mazuri. Dawa haimo. Kilichomo ni utomvu mweupe unaoweza kuwasha ngozi, na kwa watu wenye mzio wa mpira, ule wa glavu za hospitali, fikasi inaweza kuamsha mzio pia.

Mti huohuo huuzwa pia kama Ficus retusa, jina lenye sura ya kisayansi kabisa. Nalo mara nyingi si sahihi. Ficus retusa halisi ni mti wa visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia na ni adimu sokoni. Jina likishaingia kwenye orodha za bei hunakiliwa mwaka hadi mwaka. Hivyo hata maneno mawili ya Kilatini kwenye kibandiko si kiapo.

Ndivyo ilivyo kwa mti unaosukwa mashina kama nywele na kuitwa mti wa pesa. Karatasi husema Pachira aquatica, lakini wataalamu wa mimea wanasema mingi inayouzwa ni ndugu yake, Pachira glabra. "Lucky Bamboo" si mwanzi. Ni Dracaena sanderiana, na asili yake ni Afrika ya Kati, ingawa inauzwa kama bahati iliyotoka China. Kwa mzazi haya ni makosa mepesi. Yapo mengine yasiyo mepesi.

Waridi ambalo si waridi

Mti unaowahusu zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki ni ule wenye shina fupi lililovimba chini kama chupa, majani machache nchani, na maua ya pinki au mekundu yanayovutia hata mtu aliye ndani ya daladala. Vitaluni unaitwa "Desert Rose", waridi la jangwani, na mara nyingi huwekwa kundi moja na bonsai kwa sababu ya umbo la shina. Thailand na Taiwan wameuzalisha kwa rangi nyingi, hadi maua yenye petali mbili na tatu zilizopandana.

Hauna undugu na waridi. Jina lake ni Adenium obesum, na jina Adenium lenyewe linatokana na Aden, bandari ya Yemen. Ni mti wa nchi kavu za Arabuni na Afrika, na Kenya na Tanzania ni kwao. Unaota porini, kwenye mawe na vichaka vya ukame, bila kununuliwa na mtu.

Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wanaujua vizuri mmea wa jamii hii. Huuita panjube. Huchukua utomvu wake, huuchemsha hadi unakuwa mzito na mweusi, kisha huupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Mnyama aliyechomwa mshale hufa kwa sababu moyo wake unavurugika.

Sumu hiyo ni ya kundi moja na digoksini, dawa ambayo wagonjwa wa moyo hupewa kwa kipimo kidogo sana na kwa uangalizi. Kwenye chungu hakuna kipimo. Sumu imo kwenye utomvu, na utomvu umo kwenye shina, matawi, majani na mizizi. Mtu aliyemeza kiasi cha kumdhuru huanza kwa kichefuchefu na kutapika, huishiwa nguvu, kisha mapigo ya moyo hupungua au huenda bila mpangilio.

Hapa jina la dukani linafanya madhara ya kweli. Mzazi akisikia "waridi" anafikiria miiba, basi. Indonesia mmea huu huitwa kamboja ya Kijapani, ingawa Japani si kwao. Ufilipino wameupa jina la Bangkok. Kusini mwa Afrika jamaa yake huitwa yungiyungi la swala. Mmea mmoja, nchi nne, na hakuna jina hata moja linalomdokezea mzazi kwamba anashika kitu ambacho mwindaji wa Eyasi hukishika kwa tahadhari kubwa.

Kuutafuna jani si kufa papo hapo. Jani ni chungu, na watoto wengi hutema. Lakini mtoto mwenye kilo kumi ana nafasi ndogo ya kukosea kuliko baba yake mwenye kilo themanini. Wapo pia watu wazima wanaoupogoa mmea huu sebuleni kwa kisu cha jikoni, wanajifuta mikono kwenye kanga, kisha wanamenya embe la mtoto. Kisu hicho kinastahili sabuni kuliko mmea unavyostahili kutupwa.

Mbono kwenye chungu cha mapambo

Kuna mti mwingine ambao kina bibi wangeutambua mara moja kama wangeonyeshwa matunda badala ya shina. Una shina lililotuna kama kitambi, majani mapana yenye ncha tatu hadi tano, na kishada cha maua madogo mekundu kama matumbawe. Kibandiko chake husema "Buddha Belly", tumbo la Buddha, au "mti chupa". Jina lake ni Jatropha podagrica, kutoka Amerika ya Kati.

Ni ndugu wa mbono kaburi, Jatropha curcas, ule unaopandwa kama uzio vijijini na uliowahi kupigiwa debe kuwa utatoa mafuta ya kuendeshea magari. Mzazi aliyekulia kijijini anajua kilichowapata watoto waliokula mbegu za mbono: koo kuwaka, kutapika, kuharisha hadi kulegea. Mbegu zake hazina uchungu wa kumfanya mtoto ateme, ndiyo maana huliwa zaidi ya moja.

Huyu wa kwenye chungu ana tabia moja ya ziada ambayo muuzaji hawezi kukuambia, pengine kwa sababu mti haukai kwake hadi kuzaa. Tunda lake likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Unaweza kuwa umekiweka chungu juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki, na mbegu zikawa chini ya kochi. Mtoto anayetambaa huzifikia kabla ya ufagio.

Dawa yake ni rahisi: kata kishada cha matunda yakiwa bado mabichi. Lakini lazima kwanza ujue una Jatropha na siyo "mti chupa" wa aina nyingine. Jina hilo la chupa limebebeshwa mimea mingi isiyo na undugu.

Mtende usio mtende

Wa tatu ni ule mdogo wenye kishina cha magamba na makuti magumu yanayochoma, unaouzwa kama "Sago Palm". Duniani mara nyingi huwekwa kwenye sahani za bonsai. Si mtende. Ni Cycas revoluta, wa kundi la kale linalozaa mbegu bila maua, kundi moja na mitapo ya pwani yetu.

Neno "sago" ndilo linalotia shaka. Sago ya chakula, ule wanga wa uji na vitafunwa, hutoka kwenye mtende wa kweli wa Kusini Mashariki mwa Asia, Metroxylon sagu. Mimea miwili imebebeshwa jina moja: mmoja ni chakula na mwingine una sumu inayoharibu ini, nyingi zaidi ikiwa kwenye mbegu zake kubwa za rangi ya chungwa. Madaktari wa mifugo wa Marekani wanaujua kwa huzuni kwa sababu ya mbwa waliokufa baada ya kuutafuna uani.

Kusini mwa Japani wanga wa mti huu ulikuwa chakula cha shida. Ulikatwakatwa, ukalowekwa, ukachachushwa na kuoshwa mara nyingi ili kuondoa sumu. Miaka ya 1920 uchumi wa Okinawa ulipoporomoka, watu waliutegemea kwa njaa, na wapo waliokufa kwa sababu haukuoshwa vya kutosha. Wajapani wana msemo wa kukumbuka miaka ile, jehanamu ya sotetsu, sotetsu likiwa ndilo jina lao la mti huu. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki nao walijua kwamba unga wa mtapo hauliwi kabla ya kuandaliwa kwa muda mrefu. Maarifa hayo hayapo kwenye kibandiko cha duka.

Vyungu vinne, usiku wa aina nne

Sasa rudi kwa muuguzi wa Tabata. Tuseme kibandiko kile kimoja, "Bonsai", kingekuwa juu ya vyungu vinne tofauti.

Kama ni Adenium, mtoto anahitaji hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo na watu wa kumwangalia kwa saa kadhaa, hata kama anacheza. Kama ni mbegu za Jatropha, hofu kubwa ni maji kuisha mwilini, na matibabu yataanza na kurudisha maji hayo. Kama ni mbegu ya Cycas, kutapika kunaweza kutulia na wazazi wakafurahi, wakati ini ndilo la kufuatiliwa kwa vipimo vya damu siku zinazofuata. Na kama ni fikasi, yaani "Ginseng" ya uongo, kinachotarajiwa zaidi ni muwasho wa mdomo na tumbo kusumbua kidogo.

Daktari asiye na jina la mmea hulazimika kujiandaa kwa baya zaidi au kubahatisha. Kwenye kituo kidogo chenye vifaa vichache, kubahatisha huko ni rufaa ya usiku, gari la kukodi na pesa ambazo familia haikuzipanga. Au ni kinyume chake: mtoto anarudishwa nyumbani mapema mno.

Kwa mti wa shemeji, mambo yalikuwa mepesi. Majani yalikuwa madogo, ya kijani iliyokolea, yenye kung'aa na vidoa vyeupe vidogo juu, na ncha ya kila jani ilikuwa na meno. Maua madogo meupe, vitunda vyekundu. Hizo ni alama za Carmona retusa, mti unaouzwa kama "Fukien Tea". Wala si mchai. Ufilipino, hata hivyo, majani yake huchemshwa kwa maumivu ya tumbo, na wizara ya afya ya huko imeuweka kati ya mimea kumi ya dawa inayoitambua. Hajulikani kuwa na sumu kali. Mtoto alisafishwa kinywa, akaangaliwa, akalala mchana kama kawaida.

Hilo halina maana kwamba mzazi achume majani ya chungu cha dukani atengeneze chai. Mti wa mapambo haukulimwa kama mboga. Dawa za wadudu zinazopuliziwa mapambo hazipimwi kwa kufikiria kwamba kuna mtu atayala. Na kibandiko kinachosema "chai" kinaweza kuwa kimebandikwa kwenye mti mwingine kabisa, jambo ambalo ndilo habari yenyewe hapa.

Carmona ana kasoro nyingine ya majina. Kwenye vibandiko na vitabu huonekana pia kama Carmona microphylla na Ehretia microphylla. Ni mti uleule. Ukiandika jina, andika na majina mengine unayoyaona, daktari au mtaalamu atachambua.

Kulijua jina kabla ya kuhitajika

Wakati mzuri wa kuutambua mti ni siku unayonunua, ukiwa na subira, na siyo dakika tatu baada ya mtoto kuutafuna.

Muulize muuzaji swali la namna nyingine. Ukiuliza "inaitwaje?" utapewa jina la kuuzia. Uliza unatoa maua ya rangi gani, matunda yake yakoje, ukikatwa unatoa maziwa au maji, na unakua kuwa mkubwa kiasi gani ukipandwa ardhini. Mtu aliyeukuza mwenyewe atajibu. Asiyejua ataanza kuzungumzia bei.

Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zinasaidia kuanza, lakini kwa bonsai hukosea kwa urahisi. Sababu ni kazi yenyewe ya bonsai: majani hupunguzwa yawe madogo kuliko kawaida, matawi hukunjwa, maua huzuiwa. Programu iliyofunzwa kwa picha za mti mzima inaweza kukupa majina matatu ya jamii tatu. Piga picha ya jani juu na chini, ya shina, na hasa ya ua au tunda likitokea. Ua moja huondoa ubishi mwingi.

Ukiwa na shaka, wapo watu wanaofanya kazi hiyo. Tanzania ina hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa jijini Arusha, Kenya ina ile ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, na idara za botania za vyuo vikuu vina wataalamu ambao kuitambua mimea ndiyo kazi yao ya kila siku.

Jina likishapatikana, liandikwe kwenye chungu kwa kalamu isiyofutika, kwenye kipande cha plasta, na picha ibaki kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, dada wa kazi akiwemo. Yeye ndiye aliye na mtoto saa nne asubuhi.

Wakati unasoma kibandiko, tazama pia udongo. Miti mingi ya bei nafuu hufunikwa juu kwa kokoto ndogo zilizogandishwa kwa gundi ili zisimwagike safarini. Gundi ikiachia, kokoto hizo zinatosha kabisa kuziba koo la mtoto wa mwaka mmoja. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, zibanduliwe na kutupwa siku hiyohiyo, mti wowote ule uwe.

Akishaweka mdomoni

Toa mabaki mdomoni kwa kidole ulichokifunika kwa kitambaa safi. Msafishe midomo na mikono, na kama anaweza kumeza vizuri mpe maji kidogo kidogo. Usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kula wala kijiko cha mkaa uliosagwa, hata jirani akisisitiza kwamba kwao hufanya hivyo. Kutapisha kunaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu, na vitu vinavyowasha huwasha tena vikipanda.

Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka polepole kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali. Mnyaa wa uzioni na jamaa zake ndio wakali zaidi kwa macho, lakini usingoje kujua ni utomvu wa mti gani ndipo uanze kusuuza.

Akisinzia isivyo kawaida, akitapika mara kwa mara, akipumua kwa shida, akipata degedege au mwili ukilegea, usipige simu ya pili. Mlaze ubavu na mwondoke. Na kama unajua au unashuku kwamba alichokula ni Adenium au mbegu ya Jatropha au Cycas, mpeleke hata kama anacheka.

Beba kitawi chenye majani, na ua au tunda kama lipo, ndani ya mfuko wa plastiki. Beba na kibandiko, maana hata cha uongo kinampa mtaalamu pa kuanzia. Ukikosa mfuko, beba chungu kizima. Wauguzi wameshaona mengi, hawatakucheka ukiingia na mti kwapani.